Rozari Tisa Hadi Mbale

Siraj, dereva wa gari la samaki, ndiye aliyemletea Brigid habari, asubuhi pale Wanyange, karibu na Jinja, alipokuja kupakia samaki wa kupeleka Mbale. Simu ya Brigid ilikuwa imezimika siku mbili kwa kukosa umeme.

"Dada, watu wa Mbale wanakutafuta tangu jana. Kaka yako Wabwire hatunaye. Maziko ni leo saa sita."

Brigid akaosha magamba mikononi, akachukua rozari na kitambaa cheupe. Kwao, dada anayemfuata marehemu ndiye humfunika uso. Bila yeye jeneza halipigwi misumari. Gari liliondoka saa nne.

Wabwire alikuwa askari jela huko Jinja miaka ishirini na sita, na kila mwisho wa mwezi alirudi nyumbani. Hakuhesabu njia kwa kilomita. Alisema Jinja hadi Mbale ni rozari tisa: Iganga ya pili, Namutumba ya nne, Tirinyi ya sita, na ya tisa humalizikia mlangoni kwake Nkoma, mjini Mbale. Wafungwa walimwita Afande Salamu Maria, naye aliitika. Jamaa wote walishika hesabu yake. Aliyekuwa safarini hakuulizwa yuko wapi. Aliulizwa yuko ya ngapi.

"Dada, shanga zako zinalishinda gari mbio," Siraj alisema walipopita Iganga. "Tasbihi yangu ingekuwa imeshakatika uzi."

Brigid hakumsikia. Simu ya Siraj ikalia; alikuwa Nabifo, mjane wa Wabwire. Siraj akampa Brigid.

"Wifi, uko ya ngapi?"

"Naanza ya nane."

"Haya, tunamtoa nje."

Baada ya kitambo Brigid akainua macho, akaona kibao cha Namutumba. Akapiga kwa simu ya Siraj.

"Wifi, nimesali mbio. Ndiyo kwanza niko Namutumba."

Nabifo akajibu: "Ameshatoka, na aliyetoka harudi ndani. Padri ana maziko mengine, anaondoka saa saba."

"Msimfunge."

"Hafungwi. Ila sasa sali kama alivyosali mwenyewe."

Brigid akaiacha ile ya nane, akaanza ya tano, neno kwa neno. Tirinyi ikawakuta kwenye ya sita, kama ilivyotakiwa. Hakumwomba Siraj aongeze mwendo.

Walifika Nkoma saa saba kasorobo. Askari wawili walikuwa wamelikinga jeneza jua kwa miavuli. Padri alikuwa ameshavaa kofia ya pikipiki, akaivua.

"Mlisubiri sana?" Brigid aliuliza.

"Yeye tulizoea kumsubiri kila mwisho wa mwezi," Nabifo akasema. "Mfunike."

Brigid akamtandazia kitambaa usoni, akakinyoosha pembe zake nne. Afande Arnold, mmoja wa wale askari, akapigilia misumari. Padri akasoma sala na kunyunyiza maji ya baraka. Jeneza likashushwa kwa kamba. Nabifo akatupa udongo, kisha Brigid, kisha wengine. Askari wakapiga saluti. Makoleo yakaanza kazi, na saa nane kaburi lilikuwa limejaa.