Mlio Mmoja wa Ijja

Kwa miaka kumi na miwili Hemmu alipakia nyumbu wake magunia ya lozi na mabegi ya watalii katika vijia vya Atlasi, na hakuna aliyewahi kuachiwa hatamu zake. Siku ya tatu baada ya tetemeko alimpakia jenereta. Kileleni, Rajae, fundi wa simu kutoka Marrakeshi, alirusha droni ya kusambaza mtandao, iliyofungwa waya kama mbuzi kambani. Ikatulia hewani, na simu za bonde zima zikaanza kulia. Watu nao wakalia.

Binti yake Hemmu, Ijja, ameolewa kaskazini, nyuma ya mlima. Alimpigia asubuhi nzima, hapatikani. Adhuhuri simu ya Hemmu ikalia mara moja, ikanyamaza. Jina la Ijja.

"Mzima!" Hemmu alipaza sauti.

Ndivyo walivyokubaliana tangu harusi: kubipu mara moja, sote wazima, mara mbili, nipigie.

Petroli ilikuwa imebaki ya kurusha mara moja tu, na Rajae alikusudia kaskazini.

"Twende kusini, binti," Hemmu alimsihi. "Wangu ni mzima. Kule hakuna aliyesikia hata mlio."

Wakashusha droni, wakapakia, wakashika njia. Kwa mara ya kwanza tangu tetemeko, Hemmu alipiga soga.

"Bahili huyo mtoto! Milima imeanguka, yeye bado anabania vocha!"

Rajae alicheka, kisha kicheko kikamkauka. "Ami, alikata mwenyewe, au ilikatika?"

"Kuna tofauti?"

"Kaskazini mtandao ulifika kwa tabu. Simu nyingi za huko nimeziona zikikatika baada ya mlio wa kwanza."

Hemmu alisimama. Nyumbu akasimama. Akabonyeza jina la Ijja, kimya. Droni ilikuwa mgongoni mwa nyumbu, imekunjwa mabawa.

"Sema turudi, turudi," Rajae alisema polepole.

Ng'ambo ya korongo watu wa kusini walikwisha kuwaona. Wanawake walikuwa wamepanda juu ya vifusi, wameinua simu zao mbinguni.

Hemmu alimkabidhi Rajae hatamu.

"Fimbo hataki. Akigoma, mtukanie mama yake, atakwenda."

"Na wewe, ami?"

Alikuwa ameshageuka. Kaskazini ni mwendo wa kutwa kwa miguu. Aliupanda mlima na simu mkononi, akiitazama kila hatua chache, ingawa alijua haiwezi kulia.