Kata ya Pombe Aliyokunywa Mgambo

Siku ya kulima shamba langu niliipanga mimi, si mwenyekiti wa kijiji. Nilikuwa mjane, na kwetu Ufipa kulima intumba si kazi ya mtu mmoja. Unakata udongo pamoja na nyasi zake, unaugeuza, unaurundika mviringo, nyasi zinaozea ndani na ardhi iliyochoka inapata nguvu. Kwa hiyo unapika pombe ya ulezi na kualika majirani. Aliyeinywa, hata kata moja, amekubali kulima mpaka shamba liishe.

Pombe ilipokuwa imeshaiva, likaja tangazo kwamba siku hiyohiyo wote tuende shamba la kijiji. Nikamwambia mjumbe kuwa pombe ikiiva haisubiri tangazo. Majirani wakaja kwangu. Tulikuwa tumefika nusu ya shamba alipotokea mgambo, anahema kwa kupanda kilima. Nikampa kata, kama ambavyo ningempa mgeni yeyote. Akainywa yote, akafuta midomo, ndipo akaniambia niko chini ya ulinzi kwa kuwapotosha watu. Majirani wakatawanyika na majembe yao.

Nilikaa mahabusu mjini Sumbawanga wiki sita. Nilivaa khanga zangu mwenyewe, dada yangu aliniletea ugali wa ulezi na maharage, na hakuna aliyenipa kazi. Wako wanaosema mahabusu ni afadhali kuliko kifungo. Waongo hao, au hawajakaa. Nilikuwa nashinda sakafuni nikisikiliza mvua juu ya bati, mvua ileile ya kulainisha udongo wangu, inakwisha bila mimi. Nikipelekwa mahakamani, leo shahidi hajafika, kesho faili halionekani, turudi. Wenzangu walisimulia kesi zao asubuhi, wakazirudia jioni. Mtu asiyejua atatoka lini huchoka kuliko anayebeba mawe.

Mwisho hakimu akasema nikikubali kusimama mbele ya mkutano wa kijiji na kutamka kwamba nimekosa, nitarudi nyumbani. Dada alinisihi huku analia.

"Neno moja tu, mdogo wangu. Mvua haijaisha, nusu iliyobaki utaiwahi."

"Nikilisema hilo neno," nikamjibu, "kila mwaka watanipangia siku ya kulima."

Nililitaka shamba lile kuliko chakula. Lakini sikulisema. Hakimu akanipa miezi mitatu, na dada akaondoka akisema mdomo uliponza kichwa.

Gerezani walinivua khanga, wakanipa gauni lililofumuka kwapani na namba ya kuitikia. Chakula cha dada kikaishia getini. Tulichuchumaa kuhesabiwa kabla ya kazi, tukachuchumaa tena baada ya kazi, kama kwamba kuna mwenye nguvu ya kukimbia. Yote hayo yaliniuma. Hata hivyo nasema bila haya kwamba ndiko nilikopumua: nilikuwa na jembe mkononi na tarehe ya kutoka kichwani. Kule mahabusu walikuwa wameniachia nguo zangu wakanichukulia siku zangu.

Bustani ya gereza ilikuwa bondeni, udongo bado una unyevu. Afande wetu, mama mmoja wa Pwani, aliamuru tukwangue nyasi tuzichome. Mimi nikazifukia. Akaniuliza kama sikusikia. Nikamwambia nimesikia, ila kwetu hatuchomi chakula cha ardhi. Akaniadhibu kuchota maji mtoni mpaka mabega yakachubuka. Kesho yake nikafukia tena, nikachota tena. Siku ya tatu aligeukia upande mwingine, na wenzangu wawili walikuwa wanafukia nyasi pamoja nami.

Nilitoka wakati wa baridi, upepo wa Ufipa unachoma masikio. Nusu ya shamba iliyolimwa dada alikuwa ameipanda maharage na kuyavuna. Nusu nyingine nyasi zilinifika kiunoni, na udongo umekuwa jiwe. Hakuna aliyeigusa. Majirani waliogopa, nami sikuwasamehe upesi. Tulipokutana kisimani waliangalia ndoo zao, nami nikaangalia yangu.

Mvua ziliporudi na udongo ukalainika, tangazo la shamba la kijiji likaja vilevile. Sikupika pombe wala kumwalika mtu. Alfajiri ya siku iliyotangazwa nikachukua jembe nikaenda kuanza peke yangu, nimeshakubali kwamba wakija kunikamata tena, na waje.

Jua lilipochomoza akaja jirani wa kwanza, kisha wa pili, kisha wakaacha kuja mmojammoja, wakaja kwa makundi. Wakaanza kukata udongo. Pombe yangu walikuwa wameshainywa msimu uliopita, na kazi ilikuwa haijaisha. Kila mtu pale aliijua sheria hiyo kabla hajajua ya kijiji.

Nikamwona mgambo anapanda kilima. Majembe yakasimama. Alipokaribia nikaona kwamba hakubeba rungu. Alikuwa na jembe begani.

"Shikamoo, mama," akasema, macho chini.

Nikageuza kwanza udongo niliokuwa nimeukata. Miezi mitatu na wiki sita si kitu cha kuitikia haraka.

"Marahaba," nikamwambia. "Anzia pale ulipotukatisha."