Nusu ya Chini ya Ubao

Juzi, hapa Songea, nilimsindikiza mwalimu wa shule ninayoiongoza kusikiliza majibu ya MRI ya bega. Daktari aligusa picha kwa kalamu. "Mama, kifuko cha kiungo kimekaza, ndiyo maana mkono haupandi. Ilianza lini?"

"Mwaka jana, nilipoanza kuandika nusu ya chini ya ubao."

Niliinamisha kichwa. Mimi ndiye niliyemwambia mbele ya wenzake, "Watoto wa nyuma hawaoni. Acha uvivu, mwalimu."

Tulipotoka nikamuuliza, "Mbona hukuniambia unaumwa?"

"Nilikuambia, mkuu. Ukasema nikuletee uthibitisho." Akanikabidhi bahasha ya picha.

Mtoto akisema tumbo linamuuma, namruhusu palepale aende nyumbani. Kwa mwalimu mwenzangu nilisubiri mashine iseme.