Mama wa Kwenye Faili

Nirjala Adhikari alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kwa miaka miwili hakuwa na kazi nyingine ila kujiandaa kwenda kusoma Japani. Kila asubuhi alitoka Gaindakot kwa baiskeli, akavuka daraja la mto Narayani, akapanda hadi ghorofa ya tatu juu ya duka la viatu, kwenye ofisi ya wakala wa wanafunzi. Huko vijana thelathini walibanana kwenye madawati wakikariri herufi. Nusu ya wasichana aliosoma nao shule walikuwa wameshaondoka nchini. Waliobaki walikuwa wameolewa, au walikuwa kama yeye, wakiulizwa kila kukicha, "Faili limefikia wapi?"

Faili lake la kwanza lilikataliwa. Baba yake, Homnath, alikuwa seremala, na kipato cha seremala hakina karatasi. Mara ya pili Bwana Bhupen, mwenye ofisi, akashauri mdhamini awe mama. Mama yake, Tulasa, alikuwa na nyati wanne wa maziwa, kitabu cha chama cha ushirika chenye jina lake, na kipande cha shamba alichorithi kwao. Hakuwahi kushika kalamu. Kwa wiki nzima alikaa jikoni na daftari, akijifunza kuandika jina lake, na alipotia saini mbele ya Bhupen aliharibu karatasi ya kwanza, akaomba nyingine.

Faili likapelekwa baada ya sikukuu ya Tihar. Siku kumi na nane baadaye, Tulasa akiwa anakamua, alianguka zizini. Daktari alisema mshipa wa kichwani umepasuka. Kufika adhuhuri alikuwa ameshafariki.

Hawakuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo Homnath mwenyewe alinyoa kichwa, akavaa nyeupe ya msiba, akakaa siku kumi na tatu kwenye kona yake akila mlo mmoja usio na chumvi, aliojipikia kwa mikono yake. Nguo hiyo nyeupe angeivaa mwaka mzima. Siku ya kumi na nne Nirjala alirudi kwa Bhupen.

"Pole sana, dada," Bhupen alisema. "Mmeshakwenda kuandikisha kifo ofisi ya kata?"

"Bado."

"Basi msiandikishe. Tukibadili mdhamini sasa, faili linarudi mwanzo. Na wewe ulishakataliwa mara moja. Chuo hakitakusubiri."

"Na Wajapani wakipiga simu kumhoji mdhamini?"

"Watapiga tu. Mama apokee."

"Mama yupi?"

Bhupen hakumtazama usoni. "Huna mama mdogo? Jirani? Ni sauti tu, dada. Sura hawaioni."

Jambo lililomtafuna Nirjala baadaye ni kwamba, akishuka zile ngazi, moyo wake ulikuwa mwepesi.

Jioni alimweleza baba yake. Homnath alisikiliza hadi mwisho, kisha akashika upindo wa nguo yake. "Unataka niseme yupo. Na hii nimeivaa kwa ajili ya nani?"

"Ni dakika tano tu, baba. Mama mwenyewe alitaka niende. Nani alikaa na daftari jikoni wiki nzima?"

Homnath aliinuka, akaenda kuwapa nyati maji.

Wa kuwa mama alipatikana nyumba ya pili. Jhuma alikuwa amekata majani ya mifugo pamoja na Tulasa kwa miaka ishirini. Nirjala alimwandikia maswali na majibu, na kwa kuwa Jhuma hakujua kusoma, akamkaririsha kwa mdomo.

"Tarehe ya kuzaliwa?"

"Yangu au ya marehemu?"

"Mama mdogo!"

"Haya, haya, usinikaripie." Jhuma alicheka. "Mume wangu ana miaka thelathini hajaniita kwa jina. Leo Wajapani ndio wataniita, tena jina lenyewe la mwenzangu! Nyati wangapi?"

"Wanne."

"Watatu. Yule mwenye pembe iliyovunjika mmemuuza kulipia mazishi."

"Kwenye faili ni wanne."

Jhuma aliacha kucheka. Akajifuta macho kwa ncha ya shali na kusema, "Wanne, basi. Endelea."

Darasani nako mambo hayakuwa rahisi. Siku ya mazoezi ya kujieleza, Nirjala alisimama akasema kwa Kijapani kwamba mama yake alifuga nyati. Bhupen aligonga meza.

"Anafuga! Ukisema alifuga, swali linalofuata ni nini? Rudia."

Alirudia mara sita, wenzake wakimsikiliza, na wote walikuwa wamehudhuria mazishi.

Simu ililia asubuhi moja ya ukungu mzito, mwezi wa pili wa baridi. Namba iliyoandikwa kwenye faili ilikuwa ya Homnath. Nirjala alikimbia kumwita Jhuma, akamrudisha akiwa na mundu mkononi. Homnath alikuwa amesimama uani, simu ikiwa sikioni, na sauti ya mwanamke aliyezungumza Kinepali safi ikimuuliza kama Tulasa Adhikari yuko nyumbani.

Nirjala aliunganisha viganja kifuani mbele yake, kama mtu aombaye.

"Yupo," Homnath alisema. Akampa Jhuma simu, akaingia zizini na kurudishia mlango.

Jhuma alijibu kila kitu. Tarehe, nyati wanne, lita za maziwa, jina la shule ya binti. Kisha yule mwanamke akauliza swali ambalo halikuwa kwenye mazoezi: je, yeye kama mama, anafurahi mwanawe kwenda mbali hivyo?

Jhuma alimtazama Nirjala, akatazama chini.

"Sifurahi," alisema. "Mimi nilitaka akae. Ndiye peke yake niliyenaye. Lakini nikimzuia atanichukia, na mimi chuki yake siiwezi. Ndiyo maana nimetia saini."

Upande wa pili mwanamke alicheka kwa upole, akasema akina mama wote ni hivyo hivyo, akaaga.

"Ile umeitoa wapi?" Nirjala aliuliza.

"Ipi?"

"Ya kutofurahi."

Jhuma alichukua mundu wake. "Kwake. Alikuwa akinieleza kule majanini. Nilidhani na wewe alikuambia, mwanangu."

Wiki sita baadaye kibali kikaja. Bhupen alitoa peremende kwa darasa zima na kubandika picha ya Nirjala kwenye mlango wa ofisi. Nyumbani Homnath aliangalia karatasi ile upande mmoja, akaigeuza, akauliza tu kama kule kuna baridi. Alimtengenezea sanduku la mbao, zuri, lenye kufuli. Nirjala akamwambia masanduku ya mbao hayafai kwenye ndege. Likabaki chini ya kitanda.

Siku ya safari, nyumba ikiwa bado kwenye msiba, baba hakuweza kumpaka bintiye tika nyekundu ya baraka kwenye paji la uso. Jhuma ndiye aliyempaka, akamvisha shada la maua. Kituoni, basi la Kathmandu likiwa limeshawasha injini, Homnath alitoa karatasi iliyokunjwa mfukoni.

"Hii nakala ni yako. Nyingine ninayo mimi."

Ilikuwa hati ya kifo, yenye muhuri wa ofisi ya kata, ya juzi.

"Baba! Mwakani watataka barua mpya ya kipato cha mama. Kata haitaitoa!"

"Najua. Nilimuuliza Bhupen kabla sijaenda."

"Sasa kwa nini?"

"Mwaka mmoja nimekupa. Nilisema yupo, nikaenda kulia mbele ya nyati. Mwaka wa pili siwezi, mwanangu. Na yeye ana haki ya kufa."

Nirjala alipanda basi bila kumgusa miguu kumuaga. Kathmandu, Bhupen, aliyekuwa ametangulia kuwaaga wanafunzi wake, alipoiona ile hati alimwambia aichane kabla ya kufika uwanja wa ndege, na akaichana.

Alikaa Japani mwaka mmoja na siku chache. Alisoma asubuhi, mchana akapanga vyakula kwenye vikasha kiwandani. Baba alipopiga simu hakupokea, hata siku ya kumaliza msiba wa mwaka, siku ambayo Homnath alivua nguo nyeupe. Wakati wa kuongeza kibali ulipofika alijaribu kuweka jina la baba. Jibu lilikuwa lile la kwanza: kipato hakieleweki.

Alirudi mwanzo wa joto kali. Homnath alimpokea kituoni, akambebea begi, na njiani wakazungumza habari za nyati, ambao sasa ni wawili. Siku hizi Nirjala anauza simu katika duka moja Narayangarh, ng'ambo ya mto. Wateja wakimuuliza Japani kukoje, hujibu kwamba ni kusafi sana. Yeye na baba yake wanakula pamoja kila jioni, wanapitishiana mchuzi wa dengu na chumvi, na Nirjala hajawahi kumwomba radhi, wala baba hajawahi kumwomba yeye.