Koti la Babu

Nilianza kuwa mume wa mtu nikiwa darasa la tano. Kikundi chetu cha maigizo kilikuwa cha wasichana watupu, na mwalimu alinichagua mimi kwa sababu ya sauti yangu nzito. Babu akaniazima koti lake la sufu. Nililivaa Kaengesa, nikalivaa Mwimbi, na kila shule iliyotualika. Wazazi walishika mbavu kwa kicheko nilipofoka, "Mama watoto, chakula kiko wapi?"

Mke wangu wa kwenye igizo tulikaa naye dawati moja. Aliponishika mkono ili tuwainamie watazamaji, moyo ulinidunda. Sikujua kama nilitaka kuwa mwanamume kweli, au nilitaka tu asiuachie ule mkono. Hata leo jibu langu halijanyooka, na anayelidai kwa haraka ananiudhi.

Igizo likiisha, koti sivui. Aliyeuliza nilimjibu, "Baridi." Nani abishane na baridi ya Sumbawanga? Nilikwenda nalo kisimani, nikaenda nalo kanisani, mikono yake ikinifunika mpaka vidole, nami nikijiona nimekamilika.

Mwezi wa saba babu alikuja kwetu na mfuko mkononi. Nikamwamkia shikamoo huku nimejikunyata, maana nilijua amefuata mali yake. Akatoa mfukoni koti la mtumba, la kiume, la kimo changu.

"Hili lako," alisema. "Sasa nirudishie langu, mjukuu wangu. Na mimi nasikia baridi."