Saa Nne ya Mnana

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikisahau jina langu nitaikumbuka. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimerudi nyumbani Ngulyati na kuanza kazi niliyoipenda kuliko zote: kukaa. Akaja mtafiti wa ndege kutoka chuoni, mama mmoja mpole, akitafuta mtu wa kukaa kando ya lambo ahesabu mnana, wale ndege wafumao viota, wanalisha makinda yao mara ngapi kwa siku. Kijiji kizima kikanitazama mimi.

Upepo ukaangusha kiota kimoja. Makinda wawili walibaki hai, mama yao hakurudi. Mwenye akili angemwambia mtafiti. Mimi nikawatia kwenye kiota cha jirani, kulikokuwa na watatu tayari. Mnana jike akawapokea, akawa analisha watano bila kupumzika. Nami, Msukuma niliyekulia kwenye mashindano ya kulima kwa ngoma, nikawa namwimbia kama bingwa wa jembe. Kwenye daftari nikaandika "Hodari", neno ambalo sikuagizwa.

Siku ya nne babu yangu akaja kunywesha maksai wake waliotoka kulima. Akasimama kusikiliza wimbo.

"Guku, mwone huyu anavyochapa kazi," nikamwambia.

"Wewe ukiona jembe unaumwa, leo ndiyo unasifu wanaolima?" Akamtazama ndege. Mabawa yalikuwa yamelegea, tawi la kutua analikosa. "Maksai wangu nimewafungua saa nne. Huyu unamfungua saa ngapi?"

Nikatembea, mimi huyu, hadi kwa mtafiti, nikakiri. Hakunigombeza, na hilo liliuma zaidi. Alimnasa yule mnana kwa wavu, akampima uzito, akachukua tone la damu, akamwachia. Wale makinda wawili tukawahamishia kwenye kiota chenye kinda mmoja wa rika lao. Kisha tukangoja. Mama wa kiota kile akaja na panzi mdomoni, akasita, akasita tena, akalisha.

Majibu ya damu yaliporudi, mtafiti alinieleza hivi. Mwili unapochoma chakula upate nguvu, hutoa chembe kali zinazoula kwa ndani kama kutu inavyokula jembe. Mwili una walinzi wa kuzizima. Wengine unajitengenezea, wengine unawapata kwenye wadudu, mbegu na matunda. Kazi ikizidi na chakula kikipungua, walinzi huelemewa, kutu ikashinda. Mnana wangu alikuwa ameanza kuliwa.

Lakini hakufa. Siku kadhaa baada ya kupunguziwa mzigo alikuwa akilisha watatu wake na bado anapata nafasi ya kuoga majini. Makinda wote watano waliruka.

Mwanangu, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mnana akisifiwa hufia kazini. Usimpime mtu kwa jinsi anavyojimaliza, na usikubali kupimwa hivyo. Fanya kazi, maana mimi si mfano wa kuigwa, ila kula mboga zako, lala, pumzika kabla hujaanza kulikosa tawi la kutua. Mwili haujengwi kwa matofali. Na ukikosea, sema mapema, kungali na kiota chenye nafasi.

Mungu akupe kazi ya kukutosha, mwanangu, na karibu yako akuwekee mtu wa kukuambia: basi, imetosha.