Trela Yenye Ukuta

Trela tuliyonunua ili ibebe pikipiki imeshabeba mbuzi, tangi la maji, mabati ya msikiti na kitanda cha bibi harusi. Pikipiki haijabeba hata moja.

Yote yalianza na mguu wa mdogo wangu. Yeye ni fundi wa pikipiki, ana karakana ndogo hapa Kiwanjani, na wateja wake wengi ni wafugaji wa huko Gotu na kwingineko, ambao siku hizi hutafuta ngamia wao kwa pikipiki. Ikizima porini, yeye huenda kuichukua. Namna ya kuileta mjini wanaijua wote: mwenyewe anakaa juu ya ile iliyokufa, fundi anakuja nyuma na yake, ananyoosha mguu mmoja na kuisukuma. Siku hiyo walikuta mchanga, ya mbele ikasimama ghafla, na mguu wake ukabaki katikati.

Alitoka hospitali na vyuma mguuni. Daktari aliniita kando akaniambia mfupa ukivunjika tena palepale, huenda usiunge kabisa. Mama aliposikia, alichukua helmeti ya mdogo wangu akaitundika kwenye msumari jikoni kwake.

"Itakaa hapo," alisema. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe una gari. Tafuta kitu ya kufunga nyuma, umletee hizo pikipiki."

Kwa fundi wa kuchomelea, kando ya barabara kuu, palikuwa na trela mbili. Moja ilikuwa bapa, ina mifereji miwili ya chuma ya kukaa magurudumu na ubao wa kupandishia. Nyingine ilikuwa na kuta za chuma hadi kifuani, na kimlango chembamba nyuma. Hapakuwa na la kufikiria. Lakini tulikuwa tumeenda na mjomba, ndugu ya mama, ambaye sisi Waborana tunamwita abuya. Tangu baba afariki, hakuna mnyama aliyeingia kwetu bila yeye kumchagua, na ngamia aliyeuzwa ili trela ipatikane alikuwa wake.

Aliizunguka ile bapa polepole. Akainama kuitazama tumboni. Akaipiga gurudumu teke.

"Hii imekonda," alisema. "Mbavu ziko nje."

Fundi akacheka. "Mzee, hiyo ndiyo ya pikipiki."

"Na ukuta iko wapi? Mzigo italala kwa hewa?"

"Abuya," mdogo wangu akasema, akiwa ameegemea magongo, "kwa hiyo ingine, usukani itapita wapi?"

"Si kuna mlango?"

"Hiyo ni mlango ya mbuzi."

"Basi iko sawa. Mbuzi ako na pembe na anapita."

Watu wakacheka, hata mdogo wangu. Nilijaribu kusema kwamba atakayeivuta ni mimi, na kwa gari langu. "Gari ni yako, nani amekataa?" mjomba alinijibu kwa upole. Akaushika ukuta wa ile yenye kuta, akautikisa kwa nguvu, haukusogea. Akampa fundi mkono. Kwenye mnada wa mifugo, mikono ikishashikana mnyama amenunuliwa, na mwenye kurudi nyuma hujulikana soko zima. Tukaifunga trela nyuma ya gari langu.

Jioni tuliijaribu nje ya karakana. Usukani ulikwama mlangoni kulia na kushoto. Majirani wakainyanyua pikipiki na kuipitisha juu ya ukuta, ikalala ubavu, petroli ikamwagika. Porini majirani hao ningewatoa wapi? Fundi wa kuchomelea alisema mlango unaweza kupanuliwa, mradi trela ilale kwake siku moja.

Siku hiyo haijapatikana. Habari ilienda upesi kwamba kwetu kuna trela yenye ukuta. Nilianza kuijua salaam aleikum ya mtu mwenye mzigo kabla hajafika getini. Shangazi alikuja kwa ajili ya tangi lake. Wazee wa msikiti walikuja, na msikiti hauambiwi hapana. Kisha shemeji ya mjomba akaja na gari lake, akaifunga nyuma, akaenda nayo mnadani Oldonyiro.

Wakati huo wote mteja mmoja wa Gotu alikuwa akimpigia mdogo wangu simu. Pikipiki yake iliyozima iko nyumbani kwake chini ya turubai, na amesikia kuna fundi mwingine anayekuja na lori. Mdogo wangu alikuwa akimjibu, "Kesho, inshallah," kisha ananitazama, nami naitazama barabara.

Leo asubuhi mama amenipigia. Msumari wa jikoni hauna helmeti. Nimeenda karakana, nimekuta kufuli mlangoni, pikipiki yake haipo, na magongo yameegemezwa ukutani. Nimempigia mjomba kuuliza trela itarudi lini. Bado iko Oldonyiro, amesema, mbuzi wamekuwa wengi.

Nimempigia mdogo wangu. Simu inaita.